Mathias Mnyampala: Mtoto wa Mtunya aliyeandika kumbukumbu za Wagogo

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MSOMAJI aliyepitia shule ya msingi nchini katika miaka ya 1970 au 1980 huenda hata leo anaweza kusimama na kughani beti mbili tatu za ngonjera alizokariri akiwa darasa la nne, ilhali namba ya simu aliyopewa juzi imekwishamtoka kichwani.

Ngonjera hizo zina mwenyewe. Anayetambuliwa kuwa mwasisi wa utanzu huo katika maandishi ya Kiswahili ni marehemu Mathias Eugen Mnyampala, mshairi, mwanahistoria na hakimu, aliyezaliwa Novemba 18, 1917 huko Muntundya, Ihumwa, na kufariki dunia mjini Dodoma Juni 8, 1969 akiwa na umri wa miaka 51.

Watumishi wa serikali wanaokwenda kazini kila asubuhi katika Mji wa Serikali wa Mtumba wanafanya kazi jirani kabisa na Ihumwa. Wengi wao ni wageni katika mkoa huu, na ni wachache wanaofahamu kwamba mwenyeji wa hapo ndiye aliyewaandikia Wagogo historia yao kwa Kiswahili.

Kwa kawaida maisha ya Mnyampala husimuliwa kuanzia kwenye vitabu vyake. Makala haya yanaanzia nyuma zaidi, kwenye tarehe yake ya kuzaliwa, kwa sababu kwa mtu anayeifahamu historia ya nyanda za kati tarehe hiyo inashtua.

Mwaka 1917 ndio mwaka ambao Ugogo ilianza kuingia katika njaa ambayo wenyeji waliipa jina la Mtunya. Wagogo wana desturi ya kuzipa njaa zao majina, na kwa muda mrefu mzee akiulizwa umri wake hakutaja mwaka, alitaja njaa. Miongoni mwa njaa zote hizo, Mtunya ndiyo iliyobaki kuwa kipimo cha nyingine.

Chanzo chake hakikuwa ukame peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imepita juu ya nchi hii, na Reli ya Kati, ambayo ilifika Dodoma mwaka 1910, iliufanya mji huu kuwa njia ya majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walioingia Dodoma Julai 1916 nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana.

Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, na kwa kawaida wastani wake hauzidi milimita 600. Katika nchi ya namna hiyo mtama na uwele uliomo ghalani ndio uhai wa nyumba, na ng'ombe ndiyo benki. Ghala na zizi vilipokuwa vimekwisha kuchotwa na majeshi mawili, mvua ilipokuja kugoma hapakuwa tena na pa kukimbilia. Mwishoni mwa mwaka 1918 mafua makali yaliyoizunguka dunia nayo yakapiga hodi.

Mwanahistoria Gregory Maddox, ambaye utafiti wake kuhusu Mtunya ulichapishwa mwaka 1990, anakadiria kuwa njaa hiyo iliyodumu hadi mwaka 1920 iliua watu wapatao 30,000 kati ya wakazi 150,000 wa eneo la Dodoma. Hiyo ni sawa na mtu mmoja katika kila watu watano. Jina lenyewe linabeba maana ya kunyang'anyana, yaani hali ya kila mtu kugombea kilichopo. Zipo simulizi za kaya zilizohama kwenda kutafuta chakula kwa makabila jirani, na za wazazi walioacha watoto wao kwa watu wenye nafaka ili angalau watoto waishi.

Sasa hebu msomaji afanye hesabu ndogo. Wataalamu wa lishe na makuzi husisitiza siku 1,000 za mwanzo za uhai wa binadamu, ambazo huhesabiwa tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Kwa mtoto aliyezaliwa Novemba 18, 1917, siku hizo zinaanza takriban Februari 1917 na kuishia Novemba 1919. Karibu siku zote hizo 1,000 zinaangukia ndani ya Mtunya au katika miezi ya mavuno ya vita iliyoitangulia.

Kwa nini siku hizo zinatiliwa mkazo kiasi hicho? Ubongo wa mtoto anapozaliwa huwa na uzito wa takriban robo ya ubongo wa mtu mzima, na anapofikisha miaka miwili huwa umefikia takriban robo tatu au zaidi. Hakuna kipindi kingine maishani ambapo kiungo hicho hukua kwa kasi ya namna hiyo. Zaidi ya nusu ya nguvu inayotokana na chakula cha mtoto mchanga hutumiwa na ubongo peke yake, na protini, madini ya chuma na madini joto yakipungua katika kipindi hicho, ujenzi wa mawasiliano kati ya chembe za ubongo hudhoofika.

Njaa si tumbo tu. Mama mwenye njaa ni mama mwenye hofu, na mtoto huipata hofu hiyo. Mwili wenye msongo hutoa homoni iitwayo kotisoli, na kotisoli ikizidi kwa muda mrefu huathiri sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambayo ndiyo mlango wa kumbukumbu. Kila jambo jipya tunalolihifadhi, kuanzia jina la jirani hadi njia ya kurudi nyumbani, hupitia hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, wakiongozwa na Michael Meaney, walionyesha kwa panya kwamba vitoto vinavyolambwa na kutunzwa sana na mama yao hukua vikiwa na hipokampasi inayodhibiti vyema zaidi homoni za msongo, na tofauti hiyo hudumu hadi utu uzima.

Panya ni panya, mtu anaweza kusema. Bahati mbaya ni kwamba binadamu nao wamefanyiwa majaribio na vita.

Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945 jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi. Posho ya chakula ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na kwa nyakati fulani ikafika 400. Watu zaidi ya 20,000 walikufa. Uholanzi ilikuwa na kumbukumbu nzuri za hospitali na za usajili wa vizazi, hivyo wanasayansi wameweza kuwafuatilia watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao katika miezi ile.

Matokeo ya kwanza yaliwashangaza wengi. Zena Stein, Mervyn Susser na wenzao walichunguza rekodi za vijana wa kiume zaidi ya 100,000 waliopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na umri wa miaka 19, na mwaka 1972 wakatangaza kuwa hawakuona upungufu wa akili uliosababishwa na njaa ile. Ilionekana kana kwamba ubongo ulikuwa umejilinda.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kuwa waliotungwa mimba katika kilele cha njaa walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata ugonjwa wa akili wa skizofrenia. Njaa kuu ya China ya miaka ya 1959 hadi 1961 ilionyesha uwiano unaokaribiana na huo. Mwaka 2010 watafiti wa Amsterdam wakaripoti kwamba watu waliokumbwa na njaa ya Uholanzi mwanzoni mwa mimba, walipofikisha miaka 56 hadi 59, walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao katika jaribio la kudhibiti umakini, jambo linalodokeza kuzeeka mapema kwa ubongo. Kilichokuwa hakionekani katika umri wa miaka 19 kilichomoza karibu na 60.

Hapa ndipo panapotakiwa tahadhari, na mwandishi wa makala haya anaona ni vyema kulisema hili wazi kabla ya kuendelea. Takwimu za kundi hazimsemi mtu mmoja mmoja. Kuongezeka kwa hatari katika watu 1,000 si hukumu juu ya mmoja wao. Itakuwa si haki kuichukua tarehe ya kuzaliwa ya Mnyampala na kumfanya mgonjwa, au kukihusisha kifo chake cha mapema na njaa ya utotoni mwake. Lakini pia itakuwa si haki kuisimulia kazi yake kana kwamba alizaliwa katika mwaka wa shibe.

Lipo jambo jingine katika tarehe hiyo, na pengine ndilo kubwa zaidi.

Watu wazima wengi, wakiulizwa wakumbuke tukio lao la kwanza maishani, hurudi nyuma hadi kufikia umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu. Zaidi ya hapo ni giza. Si kwamba mtoto wa mwaka mmoja hana kumbukumbu. Anamjua mama yake, anaijua sauti ya nyumbani, anajua wapi huwekwa kibuyu cha maziwa. Ila kumbukumbu hizo hazidumu. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walitoa ushahidi, kwa kutumia panya, kwamba chembe mpya zinazozaliwa kwa wingi katika hipokampasi ya mtoto huvuruga kile kilichokwisha kuhifadhiwa, mithili ya mwenye nyumba anayeendelea kujenga vyumba huku akipoteza vitu vya ndani.

Mnyampala alitimiza miaka mitatu Novemba 1920. Mtunya ilikuwa imekwisha.

Kwa maneno mengine, mtu aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa kumbukumbu za Wagogo alilipitia janga kubwa kuliko yote yaliyoikumba nchi yake katika kipindi kile kile ambacho ubongo wa binadamu haujaweza kutunza kumbukumbu. Mwili ulikuwapo, akili haikuandika. Alichokijua juu ya Mtunya hakikuweza kutoka kichwani mwake mwenyewe. Ilimlazimu kusimuliwa na waliokuwa wakubwa wakati ule.

Na Ugogo ilikuwa na wasimulizi. Mtoto wa Kigogo wa miaka hiyo alilelewa mgongoni mwa mama, akakabidhiwa kwa bibi na dada, kisha, akiwa mvulana, akaanza kuchunga mbuzi na ndama kabla hajapata meno yote ya ukubwani. Mchungaji wa miaka saba alilazimika kumjua kila mnyama kwa rangi na alama zake, kujua lilipo dimbwi ambalo halijakauka na mbuyu ambao matunda yake yameiva. Jioni ilikuwa zamu ya vitendawili, ngano na nyimbo zilizosindikizwa na zeze. Kwa jamii isiyoandika, kichwa ndiyo maktaba, na mafunzo ya kukitumia yalianza mapema.

Wataalamu wa makuzi siku hizi wanalitazama hilo kwa makini. Wanasema kwamba mtoto anayepitia shida akiwa na mtu wa karibu anayemjali huathirika kidogo kuliko anayeipitia akiwa peke yake. Ushahidi mzito ulitoka Romania. Utawala wa Nicolae Ceausescu ulipoanguka mwaka 1989 walikutwa makumi ya maelfu ya watoto katika vituo ambako walilishwa lakini hawakubebwa wala kusemeshwa. Katika mradi ulioanza Bucharest mwaka 2000 na kuhusisha watoto 136, nusu yao walipelekwa katika familia za malezi. Waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walionufaika zaidi, na vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha tofauti hiyo.

Watoto wa Romania walikuwa na chakula bila mlezi. Watoto wa Mtunya, wale waliobahatika, walikuwa na mlezi bila chakula. Kulinganisha mateso si kazi nzuri, lakini sayansi inasema mambo hayo mawili si sawa.

Mnyampala alipata elimu yake katika shule ya misheni ya Kikatoliki, na imani hiyo aliishika hadi mwisho. Alifundisha, akawa karani katika serikali ya kikoloni, akapanda na kuwa liwali, na baada ya uhuru alikuwa hakimu. Ni kazi zilizomzungusha na kumkalisha mbele ya watu wa kila aina wakieleza mashauri yao. Liwali asiye na kumbukumbu nzuri asingedumu, kwani wazee waliokuja barazani walikuja na nasaba, mipaka na madeni ya ng'ombe ya tangu enzi za babu zao, na vyote vilikuwa vichwani.

Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili. Lugha ya mama ilikuwa Kigogo. Hili linastahili kukaziwa kwa sababu ushairi wa Kiswahili wa wakati ule ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa watu wa pwani. Shaaban Robert alikuwa wa Tanga, na mizani na vina vilihesabiwa kuwa urithi wa Lamu, Mombasa na Unguja. Mgogo wa Ihumwa kuingia katika malumbano ya kurasa za ushairi magazetini na kuheshimiwa lilikuwa jambo la kutazamwa mara mbili.

Mwaka 1954 kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika kilitolewa. Mwandishi alikuwa na miaka 36. Humo alikusanya asili za koo, watawala wa jadi, taratibu za ndoa, jando, mazishi na mambo ya mvua, kama alivyoyapata kwa wenye kuyajua. Ulikuwa mwaka wa kuzaliwa kwa TANU, na Watanganyika wengi walikuwa wameanza kuutazama mbele. Yeye alikuwa akikimbizana na vifo vya wazee. Mtu mzima wa Mtunya, aliyekuwa na miaka 40 njaa ilipoanza, alikuwa amekaribia 80.

Kwa sadfa, ni katika miaka hiyo hiyo ambapo jambo jingine lilikuwa likifanyika Afrika Mashariki ambalo lingebadili fikra za dunia kuhusu utoto. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyefika Uganda na mumewe, alikuwa akizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani na Kampala, akiwa na kituo cha utafiti cha Makerere. Kwa miezi kadhaa alikaa sebuleni mwao akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyomwendea mama, wanavyolia akiondoka na wanavyotulia akirudi. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na kutokana na kazi hiyo ndipo ilipokua elimu ya mshikamano kati ya mtoto na mlezi inayofundishwa leo katika vyuo vikuu duniani. Hakuna aliyekuja kuifanya kazi hiyo Ugogo.

Baada ya kitabu cha historia Mnyampala aliandika kwa kasi ya mtu mwenye deni. Mwaka 1961 alitoa Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili. Utenzi wa Enjili Takatifu ukafuata mwaka 1963, ambamo habari za Injili zimepangwa katika beti za utenzi. Kisha ikaja diwani yake, na mwaka 1965 mkusanyo wa mashairi ya hekima na malumbano. Akawa pia miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Halafu ngonjera. Kimsingi ngonjera ni shairi la majibizano linaloigizwa. Anatokea mtu asiyejua au asiyekubali jambo, anatokea mwingine anayejua, wanajibizana ubeti kwa ubeti kwa mizani na vina vile vile, na mwisho asiyejua anakubali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Mwalimu Julius Nyerere alipowataka washairi mwaka 1968 waisaidie nchi kulieleza kwa wananchi, umbo hilo lilipata kazi kubwa. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, mwandishi akiwa amekwisha kuzikwa.

Kwa kusema kweli, si kila ngonjera ya vitabu hivyo inasomeka kwa utamu leo. Nyingi zimefungwa na siasa ya wakati wake, na asiyejua hukubali upesi mno kuliko tunavyokubali sisi tulio hai. Wahakiki wamelisema hilo mara nyingi. Lakini ubora wa hoja si jambo pekee la kupima. Ngonjera zilitungwa ili zikae kichwani mwa mtu asiyeshika karatasi, na kwa kazi hiyo zilifaulu kupita kiasi.

Wachunguzi wa kumbukumbu wanaeleza sababu. Kina cha mwisho humwambia msomaji ni neno gani linaweza kufuata na ni lipi haliwezi. Mizani hubana idadi ya silabi. Na mjibizano humpa kila mtoto kidokezo kutoka kwa mwenzake. Aidha, imethibitika kuwa watu wazima huyakumbuka kwa wingi zaidi mambo yaliyowapata kati ya umri wa takriban miaka 10 na 30 kuliko ya vipindi vingine. Mtoto wa darasa la nne au la tano, aliyesimama mstarini mbele ya mgeni rasmi huku magoti yakimtetemeka, yuko mlangoni mwa umri huo.

Mnyampala hakuwa na maabara. Alikuwa na Ugogo, ambako nyimbo za kuitikiana ni za kila siku, na alikuwa na baraza la mashauri, ambako kila upande husema zamu yake. Mtu aliyekulia katika jamii inayohifadhi mambo yake kwa sauti alijua namna ya kuyafanya maneno yakae.

Katika mwaka huo huo aliofariki, 1969, taasisi ya lishe ya INCAP ilianza jaribio katika vijiji vinne vya Guatemala, Amerika ya Kati. Viwili vilipewa uji wenye protini, viwili vikapewa kinywaji chenye sukari kisicho na protini. Jaribio lilikwenda hadi mwaka 1977, na watoto hao wakafuatiliwa hadi ukubwani. Waliopata uji ule kabla ya kutimiza miaka mitatu walikuja kufanya vizuri zaidi katika kusoma na kufikiri wakiwa watu wazima, na wanaume miongoni mwao walilipwa zaidi kwa saa ya kazi. Waliopewa uji baada ya umri huo hawakuonyesha faida kama hiyo.

Nchini mwetu udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 42 katika utafiti wa mwaka 2010, ukashuka hadi 34 katika ule wa 2015/16, na 30 katika ule wa 2022. Ni nafuu, lakini bado ni takriban watoto watatu katika kila 10. Hawa hawako ndani ya Mtunya. Hakuna jeshi lililochota ghala la mama zao, na mwaka waliozaliwa hautaitwa kwa jina lolote. Njaa yao ni ya kimya, ya ugali na mlenda bila maziwa wala dagaa, na kumbukumbu yake watakuwa nayo mwilini bila kuwa nayo akilini, sawasawa na mtoto yule wa Muntundya.

Kuhusu mwenyewe, kazi zake ziliendelea kujitokeza baada yake. Azimio la Arusha na Maandiko Matakatifu lilitoka mwaka 1971, na mwaka huo huo kitabu cha historia ya Wagogo kikachapwa tena. Mwaka 1995 kilitolewa Marekani kwa tafsiri ya Kiingereza, na mfasiri wake ni Gregory Maddox, yule yule aliyehesabu maiti za Mtunya. Mwaka 2013, miaka 44 tangu kifo chake, wasifu alioandika kwa mkono wake kuhusu maisha yake, Maisha ni Kugharimia, ukachapishwa kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa, mbali sana na Ihumwa.